Folda ya seva haifunguki: umekwama mlango upi?

Jumatatu asubuhi simu iliita nikiwa bado barazani na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa Maalim Mkuu wa skuli moja ya Wete, Pemba, ambayo seva yake niliifunga mwenyewe. "Fundi, folda ya mitihani imekufa." Nikamuuliza imekufa vipi. Akanisomea kilichoandikwa kwenye skrini: Windows inadai njia ya mtandao haikupatikana, na chini yake namba 0x80070035. Kabla sijajibu nikasikia sauti ya bi katibu nyuma yake: "Kwangu mie inafunguka, ila ndani hamna kitu."

Kauli mbili hizo ndizo zilizonifanya nipande gari ya Wete asubuhi ile badala ya kuelekeza kwa simu. Walimu hawafiki kabisa, katibu anafika na anakuta patupu. Kosa moja halileti dalili mbili kama hizo. Humo mlikuwa na makosa mawili, na anayetafuta moja atazunguka hadi adhuhuri.

Skuli ile ina kompyuta sita za Windows. Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu yenye Debian, aina mojawapo ya mfumo endeshi wa Linux, imewekwa chini ya meza ya mhasibu, na kando yake ipo diski ya nje yenye adapta yake ya umeme. Mafaili yote ya mitihani yamo kwenye diski ile. Usiku wa Ijumaa umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi. Mambo yakawa yamekwisha kuharibika hapo, ila skuli ilikuwa imefungwa na hakuna aliyejua.

Kwanza tujue nani yuko katikati. Windows huomba mafaili kwa itifaki, yaani lugha ya mazungumzo ya kompyuta, iitwayo SMB, iliyozaliwa IBM miaka ya 1980 na baadaye Microsoft ikaifanya yake. Linux haikuijua. Aliyeifundisha ni Andrew Tridgell, mwanafunzi wa Canberra huko Australia, ambaye kati ya mwisho wa 1991 na mwanzo wa 1992 alisikiliza kompyuta zikizungumza kwenye waya, akaandika programu ya kujibu vile vile. Jina alilipata kwa kuichambua orodha ya maneno iliyomo kwenye kompyuta, akitafuta yenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Miongoni mwa yaliyotoka lilikuwamo salmonberry, na lilikuwamo samba. Tushukuru alipochagua.

Samba basi ni mkalimani. Ombi la Windows likifika, Samba hulipima kwa sheria zake zilizoandikwa katika `/etc/samba/smb.conf`, kisha hulipeleka kwa Linux kwa jina la mtumiaji yule, na Linux nayo hulipima upya kwa sheria zake. Kwa hiyo kila faili lina mabawabu wawili, na hawa hawashauriani. Usipolishika hili, utashinda ukibembeleza bawabu aliyekwisha kukuruhusu.

Na Windows haikwambii ni bawabu gani aliyekataa. Ile namba 0x80070035 hutoka jina likiwa limekosewa, seva ikiwa imezimwa, huduma ya Samba ikiwa imelala, au fayawoli, yaani programu inayolinda milango ya mtandao, ikiwa imeziba. Ni kama mtu uliyemtuma kwa jamaa Mji Mkongwe, akarudi na kusema tu "sikumpata". Hujui kama alipotea vichochoroni, au mlango ulikuwa na komeo, au alipiga hodi akaulizwa nani wewe akashindwa kujibu, au aliingia ukumbini ila chumba alichokitaka kilikuwa na kufuli. Kumpa ufunguo wa chumba mtu aliyepotea mtaa wa Malindi hakusaidii kitu. Lakini ndivyo mafundi wengi tufanyavyo: tatizo likitokea tunakimbilia `smb.conf`, tunageuza mistari mitatu, halafu tunasahau ilikuwaje mwanzo.

Mimi huanzia kwenye seva yenyewe. Nakaa mbele yake na kuandika:

`testparm -s`
`smbclient //localhost/mitihani -U katibu`

Amri ya kwanza husoma `smb.conf` na kupiga kelele penye kosa la herufi. Ina thamani kubwa, kwa sababu Samba ikikutana na neno isilolijua huliruka na kuendelea kama halipo, nawe unabaki unaamini umeweka ulinzi usiokuwapo. Amri ya pili inajaribu kuingia kwenye folda kama mteja, bila kupita waya wala swichi. Ikikubali, nenosiri ni zima na folda inafikika, ugonjwa uko njiani. Ikikataa, acha waya zipumzike. Raha nyingine ni kwamba `smbclient` husema wazi zaidi kuliko Windows: `NT_STATUS_LOGON_FAILURE` ni jina au nenosiri, `NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME` ni folda isiyokuwapo kwa jina hilo au njia yake imepotea, `NT_STATUS_ACCESS_DENIED` ni ruhusa.

Pale Wete ilikubali. Nikaingia bila tatizo, nikaandika `ls`, na kama alivyosema bi katibu, hamna kitu. Nikaliweka hilo kando kwanza nikashughulikia walimu wasiofika.

Kwenye kompyuta ya mwalimu mmoja nikauliza seva kwa jina, `ping seva`, ikajibu. Jina lilileta anwani 192.168.1.37. Nikatazama ile alama ya folda aliyokuwa akibonyeza kila siku: imeandikwa `\\192.168.1.20\mitihani`. Kumbe rauta ilipowaka baada ya umeme kurudi ilisahau nani ilimpa anwani gani, ikagawa upya kama karamu, na seva ikapata namba nyingine. Walimu walikuwa wakiitafuta kwa anwani ya zamani, katibu alikuwa akiiita kwa jina. Hapa nakiri kosa ni langu. Nilipaswa kuifungia seva anwani moja ndani ya rauta siku ile ile niliyoifunga. Ni kazi ya dakika mbili.

Wengine hukwama hapa kwa sababu nyingine kabisa: wanafungua dirisha la Mtandao kwenye Windows, hawaioni seva, wanasema haipo. Kutoonekana si kutokuwepo. Ile orodha ya zamani ya majirani ilitegemea SMB ya toleo la kwanza, nayo imeondolewa. Windows ya leo hutafuta majirani kwa njia nyingine, na Samba peke yake haiitikii huko mpaka uisakinishie seva programu ndogo iitwayo `wsdd`. Au uandike tu anwani kamili kwenye upau wa juu, mambo yakaisha.

Anwani ikiwa sahihi bado mlango waweza kuwa na komeo. SMB ya siku hizi hupita poti (mlango wa mtandao wenye namba) ya 445. Kwenye Windows fungua PowerShell na uandike `Test-NetConnection 192.168.1.37 -Port 445`, utazame mstari wa mwisho: True au False. Ikiwa False huku ping inajibu, rudi kwenye seva. `systemctl status smbd` itakwambia kama huduma iko macho. Kwenye Linux za ukoo wa Red Hat huduma hiyo huitwa `smb`. Ikiwa iko macho, basi ni fayawoli, na kwa wenye fayawoli iitwayo ufw dawa ni `ufw allow samba`. Ping ikiwa nayo haijibu, tazama kwanza kompyuta imeunganishwa wapi. Niliwahi kumtafutia mwalimu mmoja ugonjwa kwa nusu saa, kumbe laptop yake ilikuwa imehamia kwenye bando la simu yake mwenyewe mfukoni. Mtandao wa wageni kwenye rauta nao ni mtego wa aina hiyo: unakupa intaneti safi, huku ukikuficha usiwaone wenzako.

Mlango wa tatu ni wa lugha. SMB ina matoleo, na la kwanza limezikwa kwa haki. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupenya udhaifu wa toleo hilo ndani ya Windows. Mwishoni mwa mwaka ule ule Windows 10 toleo la 1709 likaanza kuja bila SMB1 katika usakinishaji mpya, na Samba nayo ikaizima kuanzia 4.11 ya mwaka 2019. Windows XP haijui lugha nyingine, kwa hiyo haiingii. Windows 7 inaingia. Wanaosumbua zaidi ni mashine za zamani za fotokopi zinazoskani na kutupa faili kwenye folda. Utashauriwa uongeze `server min protocol = NT1`, yaani urudishe toleo la kwanza, mashine ifurahi. Utakuwa umefungua dirisha la nyumba nzima kwa ajili ya mgeni mmoja. Tafuta kwanza programu mpya ya mashine, au iskani kwa FTP au barua pepe.

Upande wa pili wapo wenye kompyuta mpya. Windows 11 toleo la 24H2, kwa zile za Pro, hudai mazungumzo yatiwe saini na hukataa folda inayopokea mgeni bila nenosiri. Seva iliyokuwa ikiwaachia watu wote waingie kwa `guest ok = yes` inajikuta imetengwa na kompyuta iliyonunuliwa jana, huku ya miaka mitano ikiingia kama kawaida. Watu husema kompyuta mpya ni mbovu. Kompyuta haina kosa. Mpe kila mtu jina na nenosiri lake, basi.

Na hapo ndipo tunafika kwenye majina, pahala panapokula muda kuliko pengine pote. Samba ina daftari lake la manenosiri, mbali na la Linux. Mtumiaji lazima awemo kwenye yote mawili: kwanza `adduser katibu`, kisha `smbpasswd -a katibu`. Ukibadilisha nenosiri kwa `passwd`, daftari la Samba halina habari. `pdbedit -L` itakuorodheshea waliomo.

Windows nayo ina ukaidi wake. Hupeleka jina ulilofungulia kompyuta bila kukuuliza, na kama kompyuta imefunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, jina hilo ni barua pepe ambayo seva haijawahi kuisikia. PIN yako nayo inafungua kompyuta yako tu. Kwa seva haina maana. Tena Windows haikubali kuingia seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ukijaribu, inakupa kosa 1219, na hata ukiandika nenosiri sahihi mara kumi haikusikii, kwa sababu lile la kwanza bado limeshikiliwa. `net use` itakuonyesha vilivyoshikwa, `net use * /delete` itavifungua vyote, kisha ufute na kilichohifadhiwa ndani ya Credential Manager, daftari la manenosiri la Windows. Halafu andika jina kwa ukamilifu, `SEVA\katibu`.

Kinachonikera zaidi ni mstari mmoja unaokuja na Debian na ndugu yake Ubuntu tangu mwanzo: `map to guest = bad user`. Maana yake, mtu akija na jina lisilojulikana asikataliwe, aingizwe kimya kimya kama mgeni. Unaona ukarimu huo, lakini matokeo yake ni haya: umekosea herufi moja ya jina, Samba haikwambii umekosea. Inakukaribisha, inakuonyesha folda, na ukiibonyeza unaambiwa huna ruhusa. Fundi anaacha jina lililokosewa, anaenda kupigana na ruhusa za folda siku nzima. Ukiona "huna ruhusa" kwa mtu ambaye unajua anayo, andika `smbstatus` kwenye seva kabla ya kugusa kitu, utazame ameingia kwa jina gani. Ukikuta `nobody`, yaani mgeni, umeshapata.

Ikiwa jina ni sawa na bado anakataliwa, sasa ndiyo zamu ya mabawabu wawili. Wa Samba yumo katika `smb.conf`: `read only`, `valid users`, `write list`. Wa Linux yumo kwenye kila folda ya njia nzima, si ile ya mwisho tu. Ukiweka folda ndani ya `/home/mhasibu`, Ubuntu za karibuni huwafungia watu wengine hapo hapo kwenye `mhasibu`, na ndani ungefungua milango yote bado hakuna anayepita. Amri ninayoipenda ni `namei -l /srv/mitihani/kidato2`. Inateremka hatua kwa hatua na kukuonyesha mwenye folda na ruhusa zake, macho yako yanatua penyewe pale palipoziba. Kwenye ndugu wa Red Hat yuko bawabu wa tatu, SELinux, anayetaka folda iwe na alama ya `samba_share_t`. `ls -Z` itakuonyesha kama folda inayo.

Malalamiko mengine ya kila siku: mwalimu mmoja anahifadhi faili, mwenzake anashindwa kulirekebisha. Faili lilizaliwa kwa jina na kundi la mwenyewe peke yake. Wape walimu kundi moja, folda iwe `chmod 2770`, ambapo ile 2 ya mbele hurithisha kundi kwa kila kitakachozaliwa humo, na kwenye `smb.conf` uongeze `force group = walimu`, `create mask = 0660` na `directory mask = 2770`. Wapo watakaokwambia andika `chmod -R 777`, yaani kila mtu apewe ruhusa zote, upumzike. Kwenye folda ya mitihani! Ukiifanya kwa dakika moja ili ujue kama tatizo ni ruhusa, sawa, mimi mwenyewe nimewahi. Ukiiacha, umetoa kufuli.

Majina ya mafaili nayataja kwa haraka. Linux hukubali alama ya nukta mbili (`:`) ndani ya jina, Windows haikubali, kwa hiyo faili lililotengenezwa upande wa Linux kwa jina lenye saa ndani yake litatokea upande wa pili na jina la ajabu lenye alama ya `~`. Halijaharibika. Libadilishe jina.

Sasa turudi Wete, kwenye folda tupu. Maalim Mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa afisi, kimya, na mtihani wa Kidato cha Pili ulikuwa Jumatano. Mlango wowote kati ya hiyo niliyoitaja ukigoma, utapata kosa. Patupu si kosa, ni jibu: umefika, na hiki ndicho kilichopo. Nikaandika `findmnt /srv/mitihani`. Haikurudisha hata mstari mmoja.

Linux haina herufi za diski kama Windows. Diski hubandikwa juu ya folda ya kawaida, na ikishabandikwa, ukiingia folda ile unaingia kwenye diski. Isipobandikwa, folda ipo pale pale, tupu, ndani ya diski ya mfumo, na Samba haijui tofauti. Nami nilikuwa nimeandika `nofail` kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kubandikwa seva ikiwaka, ili seva iwake hata diski ya nje ikiwa na hitilafu. Ikawaka kweli. Nikainama chini ya meza ya mhasibu. Kwenye ekstensheni, tundu la adapta ya diski lilikuwa na chaja ya simu, na adapta imelala sakafuni kama samaki aliyevuliwa.

"Nani kachomeka simu hapa?" akauliza Maalim Mkuu. Afisi nzima ikatazama dari.

Nilitaka kuichomeka diski na kuibandika papo hapo, nikajizuia. "Bi katibu, tangu asubuhi umehifadhi kitu chochote kwenye folda hii?"

"Orodha ya wasimamizi wa mtihani. Niliipiga chapa upya ulipokuwa kwa walimu, maana haimo."

Hapo ndipo wengi hupoteza kazi za watu. Faili lile lilikuwa ndani ya folda tupu, kwenye diski ya mfumo. Diski kubwa ikibandikwa juu yake linafunikwa. Halijafutwa, ila haliwezi kuonekana tena, na kila mtu ataapa kwamba lilipotea lenyewe. Nililihamishia kando kwanza, nikarudisha adapta kwenye tundu lake, nikaandika `mount -a`. Kama ungekuwa umeshabandika, bado kuna njia: `mount --bind / /mnt`, kisha utazame ndani ya `/mnt/srv/mitihani`, utakuta yaliyofunikwa.

Nikaongeza mambo mawili kabla ya kuondoka. Diski ikiwa imeondolewa, `chattr +i /srv/mitihani` huifanya ile folda tupu ikatae kuandikwa na yeyote, hata root, msimamizi mkuu wa mfumo. Diski ikibandikwa juu yake, kuandika kunarudi kama kawaida. Na chini ya `[mitihani]` katika `smb.conf`:

`root preexec = mountpoint -q /srv/mitihani`
`root preexec close = yes`

Kwa mistari hiyo Samba hutazama kwanza kama diski ipo. Ikiwa haipo, inamkatalia mtu mlangoni. Bi katibu hakupendezwa nilipomweleza. "Kwa hiyo siku nyingine itagoma kufunguka kabisa?" Nikamwambia ndiyo, itagoma, na akiona imegoma atazame chini ya meza ya mhasibu kabla ya kunipigia. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu nyekundu USICHOMEKE SIMU, akakibandika juu ya ekstensheni kwa selotepu. Kisha akaniomba nimfungulie orodha yake ya wasimamizi aichape, walimu walikuwa wanaisubiri.